Karatasi ni Shahidi, Si Mzazi

Alasiri moja, tumetoka kusali na kahawa haijapoa vikombeni, alitujia barazani bibi mmoja wa mtaani petu hapa Mji wa Kale, Mombasa. Buibui lilikuwa limemwenda upande, simu iko mkononi, naye anahema kama aliyefukuzwa.

"Kaka," akaniambia, "nisaidie kwa hisani yako. Mwanangu aliyeko Ulaya kanipigia simu sasa hivi, ati polisi amekwenda kumgongea mlango asubuhi. Mtoto yule kafanya nini, jamani?"

Huyo mwanawe namjua tangu alipokuwa akicheza mpira wa matambara uchochoroni. Babake ni Mjerumani, na pasipoti yake ni ya Kijerumani. Alikuwa akifanya kazi Hamburg, kisha akapata kazi bora zaidi mjini Brussels, Ubelgiji, akahama na masanduku yake mawili.

"Dada, keti kwanza unywe maji," nikamwambia. "Huyo polisi hakwenda kumkamata. Amekwenda kutazama kama kweli kijana analala pale alipoandikisha kwamba analala."

Bibi akanikodolea macho kama aliyeona kiroja. "Polisi mzima, na bastola yake kiunoni, amekwenda kutazama kitanda cha mwanangu?"

Wazee wakaangua kicheko. Mimi kicheko kilinikwama njiani, kwani katika swali lile mlikuwa na jambo kubwa kuliko bibi mwenyewe alivyodhani. Kwetu sisi, askari akija mlangoni akauliza jina lako, moyo huruka kwanza na maswali hufuata baadaye. Kwa Wabelgiji ni jambo la kawaida, kama mtu wa maji anapokuja kusoma mita. Tofauti hiyo haikutokana na kofia ya askari. Imetokana na jibu la swali moja: je, karatasi ya serikali ndiyo impayo mtu haki ya kukaa mahali, au haki huwapo kabla, karatasi ikaja kuishuhudia tu? Kwa ajili ya swali hilo Ulaya imetunga sheria, imepelekana mahakamani, na kwa ajili ya daftari la wakaazi kuna watu waliotoa roho zao.

JEMBE LA SIKU YA TATU

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakukusudia kumfukuza mgeni. Walikusudia kwamba aliyefika siku ya tatu amekwishaingia katika hesabu ya watu wa nyumba, basi na ale kwa jasho lake kama wao. Watu wa Ulaya, bila ya kuisikia methali hii, wameiandika katika sheria yao, ila siku wamezifanya miezi.

Sheria yenyewe ilipitishwa tarehe 29 Aprili 2004, nayo ni Agizo nambari 38 la mwaka huo la Muungano wa Ulaya. Yawahusu raia wa nchi zote 27 za Muungano, na hufuatwa vilevile Norway, Iceland na Liechtenstein. Uswisi ina mapatano yake mbali. Yasema hivi: Mreno akitaka kwenda Denmark, au Mgiriki akitaka kwenda Ufaransa, aende na pasipoti au kitambulisho chake cha kwao. Kwa miezi 3 akae apendavyo, wala asiulizwe ana kazi gani wala ana fedha kiasi gani.

Mwezi wa nne ndio wa jembe. Hapo mgeni hutakiwa awe ameajiriwa au amejiajiri mwenyewe. Au awe na fedha zake za kumtosha pamoja na bima ya matibabu, asije akawa mzigo kwa mfuko wa wasiojiweza wa nchi ile. Au awe mwanafunzi mwenye bima na cha kumkimu. Au awe ni jamaa wa karibu wa mtu wa namna hiyo. Akiwa na mojawapo, haki ya kukaa anayo. Nchi aliyohamia yaruhusiwa kumtaka ajiandikishe apewe cheti, lakini muda wa kufanya hivyo usipungue miezi 3 tangu alipowasili. Akifika afisini na karatasi zinazotakikana, cheti apewe papo hapo, na ada isizidi ile wanayotozwa wenyeji kwa karatasi mfano wa hiyo. Akitimiza miaka 5 mfululizo kwa mujibu wa sheria, jembe haliulizwi tena. Amekuwa mkaazi wa kudumu.

Wala jembe hilo si la mchezo. Mwezi wa Novemba 2014, Mahakama ya Haki ya Ulaya, ambayo makao yake ni Luxembourg, iliamua kesi ya mama mmoja wa Romania aliyekuwa akiishi na mwanawe mjini Leipzig, Ujerumani, pasi na kazi wala kuitafuta. Mama huyo alidai msaada wa serikali. Mahakama ikasema Ujerumani yaweza kumnyima. Kwa hivyo asije mtu akadhani Ulaya ni karamu isiyo na mwenyewe.

DENI NA HATI YAKE

Sisi tuliosomeshwa chuoni tungali wadogo twaijua aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, iliyomo katika Sura ya Baqara. Si aya ya pepo wala ya moto. Ni aya ya deni. Yawaamrisha watu wakopeshanapo kwa muda waandikiane, na awepo mwandishi mwadilifu, na wawepo mashahidi. Maalim wetu alipenda kutuuliza: "Hati ikiungua, deni limekufa?" Nasi tukijibu kwa sauti moja, "Halikufa, maalim, lingali shingoni mwa mdaiwa." Tulijua kwamba deni lilizaliwa pale fedha zilipotoka mkono huu zikaingia mkono ule. Hati ilikuja baadaye, kuwakumbusha wasahaulifu na kuwaziba midomo waongo.

Mwaka 1976 majaji wa Luxembourg waliulizwa swali la maalim wetu mara mbili, katika muda wa miezi mitatu.

Kesi ya kwanza ilitoka Ubelgiji. Mfaransa mmoja alikuwa amemfuata mkewe karibu na mji wa Liège, ambako mke huyo alikuwa akiendesha mkahawa wenye ukumbi wa dansi. Bwana yule hakwenda kujiandikisha katika daftari la wakaazi. Serikali ikasema yupo kinyume cha sheria, ikamwamuru atoke. Tarehe 8 Aprili majaji wakaamua kwamba haki ya raia wa nchi moja ya Jumuiya kuingia na kukaa katika nchi nyingine hutoka katika Mkataba wa Roma wa 1957 wenyewe. Haitoki katika kibali. Kibali kikitolewa huwa chathibitisha tu haki iliyokwishakuwapo. Basi kutojiandikisha, peke yake, hakuwezi kuwa sababu ya kumtoa mtu nchini.

Ya pili ilitoka Milan, Italia. Msichana mmoja wa Kiingereza alikwenda kukaa na jamaa wa Kitaliana akiwasaidia kazi za nyumbani. Sheria ya huko wakati huo ilimtaka mgeni aripoti kwa polisi katika siku 3, na aliyempokea nyumbani naye aarifu. Asiyefanya hivyo aliweza kutozwa faini au kufungwa, na mgeni aliweza kufukuzwa. Tarehe 7 Julai mahakama ikatoa hukumu yenye mizani. Nchi ina haki ya kujua nani yumo ndani ya mipaka yake, hivyo yaweza kumtaka mgeni aripoti na kumwadhibu asiyeripoti. Lakini adhabu isilizidi kosa, na kumfukuza mtu kwa kosa hilo ni kuing'oa haki yenyewe pamoja na mizizi yake.

Yaliyofuata yote yamejengwa juu ya hukumu hizo. Ile sheria ya 2004, katika kifungu chake cha 25, yakataza kabisa kukifanya cheti kuwa sharti la mtu kuitumia haki yake, kwa kuwa haki yaweza kuthibitishwa kwa ushahidi mwingine wowote. Hati imeungua, deni halikufa.

UKENDA KWA WENYE CHONGO

Sheria ni moja, lakini milango ni mingi, na kila mlango una bawabu wake. Hapana budi kwanza kuyatenga madaftari mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni daftari la haki, ambamo huandikwa wageni wa Muungano na kupewa cheti tulichokitaja. La pili ni daftari la wakaazi, ambamo huandikwa kila mtu na anuani yake, mwenyeji na mgeni sawasawa. Nchi nyingine zina yote mawili, nyingine zina moja, na nyingine hazimtaki mgeni wa Muungano aandikwe popote.

Ujerumani ilikifuta cheti cha haki mwaka 2013. Daftari lake la wakaazi, hata hivyo, halina masihara. Tangu Novemba 2015 sheria ya nchi nzima yamtaka kila aliyehamia nyumba, awe Mjerumani au Mtaliana, aende afisi ya mji katika wiki 2, na achukue karatasi iliyotiwa sahihi na mwenye nyumba. Kuchelewa kwaweza kuleta faini ya hadi yuro 1,000. Katika fomu mna swali la dini pia. Aliyeandikwa kuwa Mkatoliki au Mprotestanti hukatwa kodi ya kanisa, nayo ni asilimia 8 au 9 ya kodi yake ya mapato, kulingana na jimbo. Mgeni aliyejaza "Mkatoliki" kwa moyo mweupe, kama alivyozoea kwao, huenda akashtuka mwisho wa mwezi auonapo mshahara wake.

Uholanzi yamtaka anayekusudia kukaa zaidi ya miezi 4 afike afisi ya mji katika siku 5 tangu kuwasili. Hupewa nambari ambayo mwajiri, daktari na benki wote humwuliza. Uhispania hutoa cheti cha rangi ya kijani chenye nambari ya mgeni, na mbali na hicho mtu huenda kwa baraza la mji akaandikwe anuani yake. Uswidi ilifuta uandikishaji wa haki mwezi wa Mei 2014, ikabakisha daftari la wakaazi, ambalo huwekwa na afisi ya kodi. Anayekusudia kukaa mwaka mmoja au zaidi hupata nambari yake, tarehe ya kuzaliwa ikifuatwa na tarakimu nne, na nambari hiyo humfuata hata kaburini. Ailandi haimwandikishi raia wa Muungano, na Ufaransa haimlazimishi kuwa na kadi ya ukaazi, ingawa aitakaye aweza kuiomba.

Na Ubelgiji ndiko aliko kijana wetu. Mji wa Brussels una mabaraza 19, na kila moja lina afisi yake. Mgeni huenda katika baraza la mtaa wake, akaeleza anuani yake, kisha askari wa mtaa huja kuhakikisha. Aghalabu jambo la kwanza analolitazama ni kama jina la mtu limeandikwa penye kengele ya mlango. Ukenda kwa wenye chongo, nawe vunja lako jicho; na ukenda Brussels, andika lako jina.

NGAMIA WA KINU

Mpaka hapo mambo yangali mazuri. Lakini haki iliyonona mahakamani hukonda ifikapo mbele ya karani. Sheria yasema cheti si sharti. Basi nenda benki ukafungue akaunti, uone kama hawataki nambari. Nenda kwa afisi ya nambari, wataka anuani. Nenda ukatafute nyumba upate anuani, mwenye nyumba ataka aone mshahara wako ukiingia benki. Na akiwa ni mwenye kupangisha chumba kwa siri, asitake kodi yake ijulikane, atakwambia kaa, ila usijiandikishe hapa. Hapo mgeni huzunguka kama ngamia wa kinu cha mafuta, amefungwa macho, kutwa yuenda na jioni yupo pale pale.

Muungano wenyewe umelijua fundo hilo. Mwaka 2014 ulitunga sheria kwamba mtu anayekaa kihalali ndani ya Muungano, hata kama hana anuani maalumu, ana haki ya akaunti ya benki ya kumwezesha kupokea na kulipa. Ni hatua njema. Lakini aliye mnyonge kuliko wote ni yule asiye na paa lolote, kwani daftari la wakaazi limeundwa kwa ajili ya watu wenye milango.

Mjini Roma wamepata dawa yake, nayo ni dawa ya kumtoa mtu machozi. Uko huko mtaa usiokuwamo katika ramani, uitwao Via Modesta Valenti. Hauna nyumba, hauna taa, wala hauna mbwa wa kubweka, lakini wako watu walioandikishwa kuwa ni wakaazi wake. Modesta Valenti alikuwa bibi mzee asiye na makao, akilala katika kituo cha reli cha Termini. Tarehe 31 Januari 1983 alishikwa na ugonjwa. Gari la wagonjwa lilipofika likakataa kumchukua, kwa sababu alikuwa mchafu. Akafa pale pale. Baadaye jiji likalitwaa jina lake likalifanya anuani ya wasio na anuani, kwa kuwa sheria ya Italia humhesabu hata asiye na makao kuwa mkaazi wa mji anaoishi. Mwenye kuandikwa katika mtaa huo apata daktari, apata kitambulisho, na barua yake ina pa kufikia. Bibi aliyenyimwa gari alipokuwa hai amewapa wenziwe mlango baada ya kufa kwake.

DAFTARI LIKIWA MTEGO

Hata hivyo, msomaji asiidharau hofu ya yule bibi wa Mombasa. Wazungu nao wameionja.

Uholanzi ilikuwa na daftari la wakaazi lililopangika vizuri mno, ambamo mtu aliandikwa jina, anuani na dini. Lilikuwa ni jambo la nidhamu tu. Majeshi ya Hitler yalipoingia mwezi wa Mei 1940 yalilikuta tayari. Aliyetaka kujua Myahudi gani analala nyumba gani hakuwa na haja ya kupeleleza. Kazi yake ilikuwa ni kufunua kadi. Wazalendo walipotengeneza vitambulisho vya uwongo ili kuwaokoa watu, kadi za daftari ziliwatoa waongo.

Usiku wa tarehe 27 Machi 1943, kikundi cha watu waliovaa nguo za polisi kiliingia katika afisi ya daftari la Amsterdam. Miongoni mwa viongozi wao walikuwamo Willem Arondeus, mchoraji na mwandishi, na Gerrit van der Veen, mchonga sanamu. Waliwalaza walinzi kwa sindano za usingizi, wakawabeba nje wasidhurike, kisha wakazirundika kadi na kuzilipua. Sehemu yake ikaungua, nyingi zikasalimika. Baada ya siku si nyingi walisalitiwa. Arondeus na wenziwe kadha walipigwa risasi tarehe 1 Julai mwaka ule. Watu wa kalamu na rangi walitoa roho zao kwa ajili ya daftari, kwa sababu shahidi alikuwa amegeuzwa mpelelezi.

Nasi twakijua chetu. Sheria ya kipande ya mwaka 1915, ambayo ilianza kutumiwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilimtaka kila mwanamume Mwafrika wa Kenya aliyetimiza miaka 16 aandikwe na kupigwa alama za vidole. Kipande chake alikivaa shingoni ndani ya kibweta cha chuma, kikionyesha amemfanyia nani kazi na kwa mshahara gani. Mzungu hakukivaa. Daftari ambalo laandika watu wa rangi moja tu si daftari la wakaazi, ni orodha ya mali.

Hoja hiyo hiyo ilifika Luxembourg kwa njia nyingine. Mwaustria mmoja, wakala wa bima aliyehamia Ujerumani mwaka 1996, aligundua kwamba habari zake zimewekwa katika daftari kuu la wageni, ambalo polisi pia hulitazama wanapotafuta wahalifu. Wajerumani wenyewe hawakuwa na daftari la namna hiyo. Akauliza: je, mhalifu wa Kijerumani hatafutwi? Tarehe 16 Desemba 2008 mahakama ikampa haki yake. Habari za mgeni wa Muungano zaweza kuwekwa kwa kadiri inayohitajika kwa sheria ya ukaazi. Kuziweka kwa ajili ya kupambana na uhalifu, ilhali za mwenyeji haziwekwi, ni ubaguzi.

SHAHIDI AKIGEUZWA MZAZI

Mfano wa mwisho ni wa Uingereza, nao ndio unaotuonyesha bei ya jambo hili.

Uingereza, ilipokuwa katika Muungano, haikuwa na daftari la lazima. Mtaliana, Mfaransa au Mpoland aliingia, akafanya kazi, akaoa, akazaa, akazeeka, na hakuna aliyemwuliza cheti. Haki yake ilikuwa hewani kama pumzi. Kisha Uingereza ikatoka Muunganoni tarehe 31 Januari 2020, na mlango wa kuhamahama kwa uhuru ukafungwa mwisho wa mwaka ule. Wote waliokuwamo wakaambiwa waombe upya hadhi ya kukaa, na siku ya mwisho ikawa tarehe 30 Juni 2021. Maombi zaidi ya milioni tano yaliingia. Safari hii karatasi haikuwa shahidi. Ilikuwa ndiyo mzazi: asiyeomba hana haki, hata kama ameishi pale miaka 40. Na karatasi yenyewe haikuwa karatasi, kwani mtu hakupewa kadi ya kutia mfukoni. Hadhi yake ilihifadhiwa katika kompyuta za serikali, naye huionyesha kupitia intaneti. Fikiri hali ya kikongwe asiyejua kubonyeza simu.

Waingereza waliokuwa wakiishi ng'ambo nao walionja ladha zote mbili. Ujerumani na Uhispania ziliwaambia kwamba haki yao ingalipo, waje tu kuchukua ushahidi wake. Ufaransa ikawataka waombe, kama Uingereza ilivyowataka wenzao.

Mwezi wa Desemba 2022, Mahakama Kuu ya London yenyewe ikarudi kwa maalim wetu wa chuoni. Serikali ilikuwa imepanga kwamba mwenye hadhi ya muda, muda wake wa miaka 5 ukiisha naye hakuomba tena, apoteze haki yake yote. Mahakama ikasema mpango huo ni kinyume cha mapatano ya kutoka Muunganoni. Haki iliyokwishapatikana haifi kwa sababu mtu amesahau kujaza fomu.

Lakini asiseme mtu, basi na tuyachome madaftari yote. Nchi hiyo hiyo ya Uingereza iliwaalika watu wa visiwa vya Karibi kuanzia mwaka 1948 waje kuijenga upya baada ya vita. Walikuja na watoto wao, kwa haki kamili, wengi bila ya hati. Mwaka 2018 ikafichuka kwamba baadhi ya watoto hao, sasa ni wazee, walikuwa wamenyimwa kazi na matibabu, na wengine wamerudishwa Karibi, kwa kuwa hawakuweza kuthibitisha walifika lini. Kadi za kushukia melini, ambazo zingewashuhudia, serikali ilikuwa imezitupa mwaka 2010. Mali bila daftari hupotea bila habari, na haki vilevile. Shahidi akiuawa, mwenye haki hubaki akipiga kelele peke yake.

KIKOMBE CHA ASKARI

Haya yote nilimweleza yule bibi kwa ufupi, wazee nao wakisikiliza. Alipokwisha kutulia akaniuliza, "Na huyo polisi, akija asimkute mwanangu?"

"Atarudi siku nyingine."

"Na asipomkuta tena?"

"Huenda wakachelewa kumwandika, naye ahangaike na benki na daktari. Lakini hawawezi kumfukuza kwa hilo tu. Haki yake hakupewa na askari, dada. Ametoka nayo Hamburg ndani ya sanduku lake."

Bibi akanyamaza kitambo, akiipangusa simu kwa ncha ya buibui. Kisha akasema maneno ambayo yamenikalia moyoni hadi leo. "Mimi nimezaliwa nyumba ile pale, na mamangu kazaliwa mumo humo. Nilipokwenda kuomba kitambulisho ujanani, niliulizwa karatasi za babu, kisha za babake babu, kama kwamba nimeshuka jahazini jana. Mwanangu yu mgeni wa mwezi mmoja, naye huulizwa kitanda chake tu?"

Barazani hapakuwa na wa kumjibu. Tulikumbuka Wamakonde waliotembea kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi mwaka 2016 kudai kuandikwa, na Wapemba wa pwani yetu waliongojea hadi mwaka 2023 ndipo wakakubaliwa, ilhali wamezaa na kuzika hapa miaka mingi. Hao hawakukosa mizizi. Walikosa shahidi, na asiye na shahidi akaambiwa hana asili. Sisi nasi tunao Mkataba wa Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, ulioanza tarehe 1 Julai 2010, wenye kuahidi watu wetu wapite na wakae. Ila mfanyakazi anayevuka mpaka bado huomba kibali cha kazi. Ikiwa safari ni hiyo, basi la kujifunza kwa Ulaya si fomu zake wala nambari zake. Ni lile neno la 1976: haki kwanza, hati baadaye, na hati iwe ni ya kumlinda mwenye haki.

Bibi aliinuka, akajitengeneza buibui lake. "Nitampigia mwanangu simu," akasema. "Nitamwambia aandike jina lake mlangoni kwa herufi kubwa, na huyo askari akija, amtilie kahawa."

Nami nilipofika nyumbani nikaandika ubeti huu:

Karatasi ni shahidi, haki haikuizaa,
Husimama kwa ahadi, mwenyeji akikataa,
Na kwa watu si junudi, ya kuuzinga mtaa,
Mgeni na apokewe, ndipo aulizwe jina.